Wekundu wa Yungiyungi la Lokandu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, maji yalipogeuka mekundu mbele ya wageni wa Chama, nami nimesimama pale na sahani ya wali mkononi nikitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nakusimulia kwa sababu jana umeniletea chupa yenye mmea ulioununua ukiwa mwekundu, na sasa umekuwa rangi ya jani la muhogo, ukaniuliza, "Bibi, nimekosea wapi?" Kaa hapo. Swali lako lina jibu refu, na mimi sina haraka. Mwenye haraka ni wewe, na hapo ndipo ulipoanza kukosea.

Wakati ule nchi hii ilikuwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja, na sote tuliitana sitwayen na sitwayene, yaani mwananchi wa kiume na wa kike kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa msichana wa kijiji cha Tunda, upande wa Kibombo, niliyeletwa Kindu kwa Shangazi Riziki, dada ya baba, mwenye oteli ya chakula karibu na stesheni ya treni. Baba alikuwa amesema wazi kabla sijapanda gari: nikifaa nitabaki mjini, nisipofaa nitarudi kushika jembe. Jembe si aibu, limenilea. Lakini nilikuwa nimekwisha kuipenda Kindu, na ndani ya Kindu nilipenda kitu kimoja kuliko vyote, nacho kilikuwa sanduku la kioo la kufugia samaki, ambalo wasomi wenu huliita akwariamu.

Sanduku hilo liliachwa na Mgiriki mmoja, mfanyabiashara, wakati maduka ya wageni yalipopewa wananchi. Alikuwa mpenzi wa mchuzi wa shangazi, na siku ya kuondoka akamwachia kwa shukrani. Tuliliweka juu ya meza ndefu katika chumba cha kulia. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa mto, majani ya kijani na samaki wadogo wa manjano. Watu walikuja kula, wakisha kula wakabaki kutazama. Kulitunza ilikuwa kazi yangu, na hakuna aliyenituma.

Siku zile kila ukuta ulitakiwa uwe na rangi za bendera. Tulizifunga milangoni, tulizivaa kwenye vitenge, hata keki ya arusi ilipakwa. Basi ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa Chama atakula kwetu. Shangazi akasimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni.

"Kijani iko. Manjano iko. Na nyekundu iko wapi?"

Nikamwambia aniachie mimi. Unaijua lengalenga nyekundu, ile mboga ya mchicha ambayo huku kwetu mwanamke aliyepungukiwa damu hupikiwa apate nguvu. Nilichagua sokoni matawi yaliyoiva rangi kuliko yote, nikayachomeka mchangani. Jioni ile sanduku lilipendeza mpaka shangazi akanishika bega. Asubuhi yake maji yalikuwa yameanza kuwa ya waridi, na mimi, kwa akili yangu ya siku zile, nikaona ni uzuri tu umezidi.

Lengalenga ni mmea wa shambani, mwanangu. Ukiizamisha inakufa, ikifa inaoza, na rangi yake inachuja kama ya kitenge kibovu. Siku ya wageni ilipofika, maji yalikuwa mekundu kabisa na samaki wa manjano wanaelea matumbo juu. Mkubwa aliweka kijiko chini.

"Sitwayene, hii njo nini?"

Hakuna aliyecheka. Rangi moja ya bendera ilikuwa imeua nyingine, na katika miaka ile mtu aliweza kuitwa kuelezea jambo dogo kuliko hilo. Shangazi alisema ni ugonjwa wa samaki, umeingia mtoni kote. Akamwongezea mgeni nyama, akaongea habari za mvua, na chakula kikaisha salama. Mimi nilikuwa nimekwisha kujificha jikoni.

Wageni walipoondoka nilingoja kofi. Halikuja. Shangazi alitia mkono majini, akaitoa lengalenga imelegea kama kamba ya zamani, akaniwekea kiganjani.

"Sifa, hii ni mboga. Yenyewe haikukosa kitu. Weye njo uliitia mahali haikuzaliwa, sababu uliona rangi, haukuuliza kwao ni wapi. Gari la Kibombo likipita, utarudi kwa baba yako."

Angenipiga ingekuwa nafuu. Maneno ya upole huingia ndani na kukaa. Nililia, nikaosha sanduku, nikalia tena. Halafu hasira ikanipanda, si ya kumkasirikia yeye, ni ya kujikasirikia mimi, na hasira ya namna hiyo ni kuni nzuri ukijua kuitumia. Nikamfuata kwenye mafiga.

"Shangazi, unipe mpaka mvua irudi. Nitaleta nyekundu ya kukaa ndani ya maji. Nikishindwa, nitapanda gari miye mwenyewe, hakuna muntu atanisukuma."

"Na ukiweza?"

"Nitabaki."

Alikoroga chungu chake kwanza. "Mpaka mvua, basi. Lakini ukiniozesha maji mara ingine, ile vioo ninauzisha kwa fundi wa madirisha."

Penye nia pana njia, lakini hawakuambii kwamba njia yenyewe ina matope. Nilianza kuuliza. Kila aliyeleta samaki oteli nilimuuliza: huko kwenu ni kitu gani chekundu kinachoishi chini ya maji? Wengi walinicheka. Mama Zaina wa Lokandu, aliyetuletea samaki wa kukaushwa, hakucheka. Alisema nyuma ya mto kwao kuna vidimbwi vilivyotulia, na nyavu huko hunasa yungiyungi ambalo majani yake ya chini ni mekundu. Nikaingia mtumbwi wake aliporudi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka maji yakaniingia masikioni. Juu ya kidimbwi majani yote yalikuwa ya kijani, mapana, yametulia, ungepita usigeuke. Nilipozamisha uso nikayaona yale ya chini, madogo, mekundu kama mawese mapya. Mama Zaina alinionyesha ua zuri jeupe akisema nichukue lile. Nikakataa. Nilikuwa nimekwisha kuadhibiwa na kitu kizuri kinachoonekana kwa mbali. Nilipapasa matopeni nikatafuta viazi vyake vichanga, vile tu ambavyo jani lake lilikuwa jekundu huko huko chini ya maji, bila kuwahi kuona jua la juu. Hapo ndipo kuchagua kulipo, mwanangu. Mmea wako uliuchukua ulipokuwa umesimama hewani kwa muuzaji, ukaupenda. Ulimuuliza majani yake yanakuwaje ukiuzamisha? Hukumuuliza.

Nikarudi Kindu nikapanda ndani ya sanduku, kiazi nusu mchangani, kichwa nje, kwa sababu kimoja nilichokifukia chote kilioza. Majani yakatoka. Yalikuwa ya kahawia iliyochoka, hata kijani hayakuiweza.

Nilikaa kwenye kiti cha mteja nikatazama yalipo. Meza yetu ilikuwa ndani kabisa, kwenye kivuli. Kiumbe wa kidimbwi wazi atapata wapi wekundu gizani? Nikamwaga maji, nikamwomba mpishi tusaidiane, tukalisogeza sanduku kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi. Wiki ile maji yakawa kijani kwa ukoga. Basi nikatundika pazia, rido ya kitenge kuukuu, nikawa naifungua asubuhi na kuifunga jua likishakuwa kali. Ukoga ukapungua. Mwanga ni kama chumvi ya mboga, kuzidi na kupungua vyote vinaharibu.

Likaja jingine. Yungiyungi lilipopata jua lilianza kurusha majani mpaka juu, yakatandaza uso wa maji kama mwavuli, na chini kukawa giza tena. Nikawa nalivizia kila jani linaloanza kurefusha shingo, nalikata chini kabisa kwa ukucha. Shangazi akanifuma.

"Unaikuza ao unaikata?"

"Vyote viwili, shangazi. Jani likifika juu, linaziba wenzake wa chini. Ukiliacha, yungiyungi halileti tena majani ya chini."

Alitazama mlangoni kwanza, ndipo akacheka. "Ile maneno usiseme mbele ya wakubwa."

Wafanyakazi wa reli waliokula kwetu walinitania kila mchana. "Sifa, nyekundu yako imekwama Kibombo? Treni imeharibika?" Nilikuwa nacheka nao, lakini usiku nilisikiliza juu ya bati kama mvua imeanza. Maana majani yalikuwa yanatoka mengi, yenye afya, na bado yamepauka. Yalinikumbusha kitu. Yalinikumbusha dada yangu mkubwa alipokuwa na mimba, midomo imekuwa myeupe, mama anasema amepungukiwa damu. Na dada, kama wanawake wengi wa kwetu, alikuwa anatafuna udongo mwekundu wa kichuguu.

Niliwaza lengalenga, nikaona aibu, nikasema moyoni, Sifa, usirudie. Lakini udongo haukuwa rangi ya kubandika. Ulikuwa chakula, na kule Lokandu miguu yangu ilikuwa imetoka kidimbwini myekundu mpaka magotini. Nikaenda kwenye kichuguu, nikaponda, nikakanda vitonge, nikavianika mpaka vikawa vigumu. Mara ya kwanza nilitia vingi bila kuvizamisha vizuri, maji yakawa kama chai, nikayabadilisha ndoo kwa ndoo kutoka mtoni. Mara ya pili nikatia vichache, nikavisukuma chini kwenye mizizi, nikafukia. Kisha nikangoja. Kungoja ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, ila kamba haijui ni lini.

Yungiyungi likaanza pia kuzaa. Lilitoa mtoto pembeni, kikamba chembamba chenye jani dogo. Wangapi wangemwacha hapo ajaze sanduku? Mimi nilikuwa nimeona kila nilichokipenda kikifa ndani ya kioo kimoja. Nilimkata, nikamweka kwenye beseni la bati lililobanduka rangi, uani nyuma ya jiko, na kitonge chake cha udongo. Sikumwambia mtu kwa sababu hapakuwa na la kusema.

Na asubuhi moja, mawingu yamekwisha kuwa mazito, nikafungua rido nikakuta jani jipya limefunguka, jekundu. Lililofuata likawa jekundu zaidi. Shangazi alikuja na mwiko mkononi, akatazama mpaka mchuzi ukaungua. Hakusema nitabaki. Alisema tu, "Mvua haijarudi bado," na nikajua ananipenda lakini neno lake ni neno.

Mvua ilirudi pamoja na yule mkubwa. Aliketi mahali pale pale, akala akilitazama sanduku, akafuta mdomo.

"Sitwayene, hii itapendeza sana ndani ya saluni ya nyumba yangu, pale ninapokea wageni."

Haikuwa ombi. Kila mtu chumbani alijua, na vijana wake walikuwa wamekwisha kusimama. Nilimwona shangazi akishika ukingo wa meza. Mkubwa akanigeukia, akaniuliza kama ni mimi niliyeikuza, na afanye nini isife.

Mwanangu, ningeweza kumdanganya. Lakini mmea haukunikosea kitu. Nikamwambia kweli tupu. "Unaipa jua ya asubuhi, sitwayen, na udongo wa kichuguu kidogo. Na kila jani inakimbilia juu, unaikata mapema, sababu inaziba zingine."

Shangazi alikohoa. Mkubwa alisema vizuri, wakabeba.

Meza ilibaki na alama ya maji. Shangazi akakaa kwenye kiti, yeye ambaye hakukaa mchana kamwe. "Imekwisha, Sifa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Nikamshika mkono nikampeleka uani. Mvua ilikuwa imepungua. Ndani ya beseni, chini ya maji, majani ya mtoto yalikuwa mekundu kama ya mama yake.

Aliinama kwa muda mrefu. "Ulitia hii wakati gani?"

"Mbele ya ile ingine kuwa muzuri."

Akanyoka, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, sijui mvua sijui nini. "Gari la Kibombo liende bila weye," akasema, akarudi jikoni.

Sanduku hilo, tulisikia baadaye, lilishika ukoga wa kijani, na mwishowe wakalitoa nje likawa la kuwekea maji ya kuoshea gari. Beseni nilivuka nalo mto nilipoolewa huku Alunguli. Lile pipa lililokatwa nusu unalolipita kila ukija kwangu, ambalo hujawahi kuinamia, mna wajukuu wa yungiyungi lile.

Basi nasaha yangu, na uishike. Unapochagua kitu, iwe mmea, rafiki au mume, usianze na rangi. Uliza kilizaliwa katika maji gani, na kama hapo unapokitia kitaweza kupumua. Ukikosea kwa uzuri wa juu, usikae ukilia, inama matopeni utafute upya. Kilichopauka usikipake rangi, kilishe. Usiogope kukata kinachokimbilia juu na kuwaacha wenzake gizani, hata kikiwa ndani yako wewe mwenyewe. Na daima weka mche mmoja kwenye beseni uani, maana kioo wakubwa wanaweza kukibeba, lakini mkono uliojua kukuza hawana gari la kuubebea.

Mwaga mmea wako huo. Twende pipani, nitakushikia kitenge uiname mwenyewe. Mungu akupe jua la kiasi, mizizi iliyoshika, na macho ya kuona chini ya maji. Na utakachokipanda kiwake mbele ya watoto wako wakati sisi tutakuwa tumekwisha kuwa udongo wa kukilisha. Amina.