Kila Mtu na Kufuli Lake

Habari ya kifo chake ilinikuta kwenye ngazi za msikiti wetu hapa Kasongo, baada ya sala ya alasiri, nikiwa nimeinama kutafuta kiatu changu cha kushoto. Aliyeileta ni mwendesha pikipiki aliyetoka Kabambare, vumbi la njia likiwa limempa mvi ambazo asubuhi hakuwa nazo. Alisema kwamba yule fundi wetu wa kompyuta, aliyekwenda kule kufunga antena kwenye shule moja, alishikwa na homa, akalazwa, na hakuamka tena. Tulimrudisha kwa Mola wake kwa maneno tuliyofundishwa. Kisha muuza mafuta ya mawese aliuliza jambo lililokuwa tayari midomoni mwa wote: "Sasa ile ufunguo iko na nani?"

Swali lile lilinichoma. Mimi ndiye ninayeshika funguo za msikiti, za madrasa na za chumba cha jeneza, zote kwenye kamba moja kiunoni, na nimezishika tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Namshukuru Mungu kwa amana hiyo. Lakini pale kwenye ngazi niliona wazi kwamba siku nitakayokufa mimi hakuna atakayeuliza kwa sauti ya hofu namna ile. Watanyoosha mkono, watafungua kamba, na adhana ya magharibi haitachelewa. Yeye, ambaye nilimkumbuka akiwa mtoto wa Nyangwe anayenuka samaki, alikuwa amekufa na soko zima limesimama kumuuliza. Nilimwonea maiti wivu.

Msomaji ambaye si wa huku atataka kujua ni ufunguo gani huo. Chama chetu kidogo cha Waislamu na Wakristo kinahifadhi sauti za wazee: hadithi, mawaidha, nyimbo za harusi, namna ya kuita samaki, kila kilichorekodiwa kwenye kaseti kabla ya unyevu kuzila. Fundi alizihamisha zote kwenye kompyuta iliyowekwa Kindu, kwenye umeme wa jua usiokatika, nasi huingia humo kutoka mbali, mtu akiwa Kasongo au kijijini. Miongoni mwa sauti hizo imo ya mwalimu wangu, aliyenifundisha alifu na kunifundisha kuona haya. Kaseti zake zote zimeoza. Kama mlango wa Kindu usingefunguka, mwalimu wangu angekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwetu.

Kwa hiyo, chama kilipoanza, nilimwendea fundi na kumwambia aniletee ufunguo wa kompyuta ile niufunge kwenye kamba yangu pamoja na wenzake. Niliona ni haki. Kwetu mlango una ufunguo mmoja wenye heshima, nao hukaa kwa mzee. Akihitajika mwingine, fundi wa sokoni huuchonga. Yeye alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na marashi mengi, na kicheko chake kilimtangulia mlangoni. Alitazama kiuno changu, akasema, "Mwalimu, funguo zako zinatusalimia mbele yako kufika. Hii yangu haina sauti, na haitoke kwangu." Wenzetu walicheka. Mimi nilitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni.

Alinishika mkono akanipeleka kwenye ghala la mchele nyuma ya soko. Mnaolijua mnajua kwamba mlango wake umefungwa kwa mnyororo, na mnyororo wenyewe umeungwa kwa makufuli, moja limeshika jingine, kila mfanyabiashara na lake. Yeyote kati yao akifungua kufuli lake mnyororo unaachia, akalirudisha mnyororo unashika. Hakuna anayemwazima mwenzake ufunguo. Mmoja akiacha biashara, hutolewa kufuli lake tu, pete zinaungwa upya, na wengine hawabadilishi chochote. Alisema kompyuta ya Kindu ni vilevile. Kila mtu hutengeneza kwenye mashine yake vitu viwili vilivyozaliwa pamoja: kufuli, ambalo unaweza kumpa yeyote hata adui, na ufunguo, ambao humpi hata mama yako. "Nipatie kufuli, nitaliunga mule. Ufunguo ubakie kwako. Hata mimi sitaki kuuona."

Nikawaza juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu linakwenda kinyume na malezi yetu. Huku kinu cha jirani ni chako, baiskeli ya shemeji ni yako, na anayekataa kuazima huitwa mchoyo hadi wajukuu wake waitwe hivyo. Tunapenda kusema mlango wangu ni mlango wako. Nilidhani fundi yule ameambukizwa uchoyo na mitambo. Sikuona bado kwamba yeye alikuwa akigawa mlango na kukataa kugawa ufunguo, na kwamba kuna ukarimu unaoweza kukaa katikati ya mambo hayo mawili.

Basi nilikubali kutengeneza vyangu, kwa kompyuta ya ofisi ya chama. Ikafika mahali ambapo ufunguo wenyewe hufungwa kwa maneno ya siri, ili aliyeiba mashine asiweze kuutumia. Akageuza uso ukutani kwa adabu, akaniambia niandike. Niliandika, nikarudia, kisha nikamwambia kwa utulivu wa mtu aliyejikinga vizuri kwamba jambo langu nimelianza kwa jina la Mungu. Akageuka polepole. "Mwalimu, umeandika bismillahi?" Nikaitikia kwa kichwa. "Hiyo kila mutu wa Kasongo anaijua. Hata mwizi anaisema mbele ya kuiba." Akaniambia niende nifikirie maneno mengine, marefu, yasiyojulikana na mtu, na nikiwa tayari ataunga kufuli langu. Nilimjibu kwamba jina la Mungu linanitosha. Nikaondoka, na kufuli langu halikuungwa.

Yaliyoungwa ni ya wenzetu, na la kwanza lilikuwa la mwalimu wa kike wa kijiji cha Wamaza. Ni Mkristo, anafundisha shule ya kijiji, na hupanda kilimani na kompyuta yake kutafuta mtandao. Alipofundishwa, alitengeneza, akafunga kwa maneno aliyoyajua mwenyewe, akatoa kufuli, akashukuru, akapanda pikipiki. Tangu hapo ikawa fundi akisimulia jambo husema, "Mwalimu wa Wamaza ameshalifanya." Sasa katika mji huu, kwa miaka yote ya utu uzima wangu, mtu akisema mwalimu bila kuongeza neno alikuwa akinisema mimi. Wazee wa dini wanatufundisha kwamba wivu una milango miwili: kutamani neema ya mwenzako imwondokee, na kutamani upate mfano wake bila yeye kupungukiwa. Wa kwanza unakula mema kama moto unavyokula majani makavu. Wa pili umeruhusiwa. Mimi nilisimama kizingitini, mguu mmoja huku na mwingine kule.

Kisha mtumbwi uliombeba fundi uliyumba hapo Nyangwe, na mfuko wake wa kompyuta ukapotea. Yeye alifika ukingoni na shati lake limelowa, wala haikujulikana kama kompyuta yake imezama katika mto Lualaba au imeokolewa na mikono isiyo yake. Nilikuwepo, nimekwenda maziko. Nilimtazamia alie, ilikuwa mashine ya gharama. Aliazima simu ya mvuvi, akampigia mwalimu wa Wamaza. Hakumweleza habari ya mtumbwi. Alimwambia, "Toa kufuli langu sasa hivi. Toa, ndiyo, langu mimi." Akasubiri hadi akaambiwa limetolewa, ndipo akaketi kwenye mchanga kukamua suruali. Nilimuuliza atawezaje kujifungia nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alisema, "Nitatengeneza mupya. Nyumba si yangu, Mwalimu." Nilirudi Kasongo nikiwa na chuki ndogo ambayo sikupenda kuiangalia usoni. Ilikuwa juu ya yule aliyepigiwa simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimejibanza pale kiunoni, karibu na kamba.

Sasa narudi kwenye msiba. Siku ya kuondoa matanga, kama ilivyo desturi yetu, vitu vya marehemu vililetwa kwenye sinia: kofia yake, tasbihi, chupa ya marashi iliyobaki nusu, na funguo za nyumba. Mzee hupokea funguo na kuzikabidhi kwa anayestahili. Mjane alikuja mwenyewe, akaongeza kwenye sinia kitu kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kitenge. Ilikuwa fulashi, kile kijiti cha kuhifadhia vitu vya kompyuta. Alisema aliikuta ndani ya sanduku la marehemu, na kwamba watu wamekuwa wakimjia kila siku kumuuliza ufunguo wa Kindu, naye anaogopa kuulalia. "Baba Mwalimu, nimeuleta kwako. Wewe ndiye mwenye funguo."

Waliokuwepo wote walinitazama. Niliichukua. Namwomba Mungu anisamehe furaha niliyoisikia, kwa maana haikuwa furaha ya matangani. Nilikuwa tayari nalegeza kamba yangu ili niifunge pale, wakati pikipiki ilipozimwa nje na mwalimu wa Wamaza akaingia, matope hadi magotini, akaenda kwanza kwa mjane, wakalia pamoja. Kisha alikuja kunisalimu kwa heshima, akaona nilichoshika, akauliza ni nini. Nilimwambia ni ufunguo wa fundi.

"Hii haifungue kitu tena, Baba," alisema. "Siku niliyosikia, nilipanda kilimani, nikatoa kufuli lake. Alinifundisha hivyo: mimi nikifa, toa kwanza, usilie mbele ya kutoa."

Muuza mafuta ya mawese aliuliza kwa hofu kama basi zile sauti zimepotea. Mwalimu wa Wamaza alitoa kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, akaiunganisha na simu, akaandika maneno yake bila mtu kuyaona. Tukangoja, mtandao wetu mnaujua. Kisha pale kwenye jamvi la matanga, kati ya kofia na marashi, mwalimu wangu wa alifu akakohoa kama alivyokuwa akikohoa kabla ya somo, akaanza kutueleza hukumu za amana. Sikuweza kuinua kichwa hadi alipomaliza.

Mjane ndiye aliyeniuliza afanye nini na fulashi. Nilimrudishia. Nilimwambia ni ya mume wake, kama kofia, na asiogope tena kulala. Siku iliyofuata nilikwenda ofisini, nikatengeneza ufunguo wangu, nikaufunga kwa maneno marefu ambayo hata malaika wa bega la kushoto, nadhani, aliyaandika kwa kusitasita. Nikampelekea kufuli mwalimu wa Wamaza, naye akaliunga. Nilimwomba jambo moja tu, nalo alilipokea bila kucheka: siku yangu ikifika, alitoe kabla hajanililia.

Sitadai kwamba wivu umenitoka. Nilidhani nautamani ufunguo wake, kumbe nilichokitamani ni msiba kama wake. Mji mzima ulisimama kuuliza, na jibu lilikuwa limeshagawanywa kwa watu wazima walio hai, kila mmoja na kufuli lake. Alikufa na mlango haukukwama hata mara moja. Kwa hilo namwonea wivu kwa mlango ule wa pili, ulioruhusiwa. Asubuhi ya leo nimemwita makamu wangu wa msikiti, nikafungua kamba kiunoni, nikampeleka kwa fundi wa kufuli sokoni. Msikiti nao utapata mnyororo wake wa makufuli.