Breki za Sahani za Fundi Abbasi

Sikutaka kuandika haya, na ningeachwa nisingeandika. Kalamu nimeishika ukubwani, kwenye darasa la kina mama, na mpaka leo inanichosha kuliko kinu. Lakini wajukuu wa kaka yangu Abbasi wamekuja na daftari wakalibwaga hapa mkekani: bibi, andika, uliyebaki ni wewe. Haya, naandika. Asije mtu kunisahihisha.

Abbasi Mgeni alikuwa fundi breki kwenye gereji ya Bwana Ramniklal, Kariakoo. Si fundi magari, fundi breki. Ukimpelekea injini inayokohoa alikuonyesha mtu mwingine kwa kidevu. Gari kwenda si ajabu, alisema, hata gogo ukilisukuma mteremkoni litakwenda. Kazi ni kulisimamisha. Nyumba hakuwa nayo, shamba hakuwa nalo. Alikuwa na jina. Madereva wa malori walitoka Morogoro na breki mbovu wakamngoja yeye siku mbili, na mafundi wengine wapo wamekaa tu.

Bwana Ramniklal alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Devendra, kijana mpenda mbio za magari. Mwaka wa hamsini na sita alishindana kule vilima vya Pugu, na kwenye mteremko breki zikamlegea akaishia katikati ya mihogo ya watu. Breki za siku zile zilikuwa za dramu: viatu viwili, ndivyo mafundi wanavyoviita vile vyuma vya kubana, vimefungiwa ndani ya chuma kama nyama ndani ya sufuria yenye mfuniko. Ukikanyaga sana mteremkoni, joto halina pa kutokea, na pedali inazama mguuni kama unakanyaga tope.

Mwaka uliofuata Devendra akaja na gazeti la Kizungu lenye picha ya gari la mbio la Ulaya. Humo breki ilikuwa sahani ya chuma, iko wazi, inazunguka pamoja na gurudumu, na kibanio kinaishika huku na huku.

"Kaka Abbasi, unaweza?"

"Niachie picha."

Alikaa nayo wiki mbili, Kiingereza hajui hata neno, akisoma mistari ya mchoro kwa kucha. Kisha akaenda kwa Polycarp, mtani wake Mnyamwezi, aliyekuwa akikereza vyuma kwenye karakana huko Gerezani.

"Wewe Mzaramo," Polycarp akamwambia, "umeacha breki sasa unamtengenezea Mhindi sahani ya pilau?"

"Kereza. Pilau utakula kwenye hitima yako."

Sahani ya kwanza ilikuwa nyembamba. Ilipopata moto ikapinda kama chapati, akaitupa. Ya pili aliifanya nene kama kidole gumba. Vibanio alivichonga kwa tupa, mikono yake mwenyewe, miezi mitatu. Akafunga sahani mbili kwenye magurudumu ya mbele. Nyuma akaacha dramu zilezile.

Devendra alitaka ziwekewe kinga ya bati.

"Ukiifunika umerudi kwenye dramu," Abbasi akasema. "Hii inataka upepo."

"Na mchanga je?"

"Mchanga itausaga. Adui yake ni mafuta. Tone moja la grisi lisiisogelee."

Aliwaambia wote pale gereji, na mwenye mikono ya grisi aliyepita karibu alifukuzwa kwa spana. Wakaenda kuijaribu Pugu, mteremko uleule, mara kumi. Mara ya kumi ilishika kama ya kwanza. Devendra alishuka anasugua paji la uso. "Kaka, nusura nitokee kwenye kioo." Abbasi hakucheka, lakini siku ile alikwenda nyumbani kwa miguu, polepole, akisalimia hata watu asiowajua.

Sasa sikilizeni. Wahindi wale wana siku yao, Dasara, ya kuombea vitendea kazi na magari. Kila mwaka mama yake Devendra, Champaben, aliliombea gari la mwanawe nyumbani kwao Kisutu: maua mbele, ndimu chini ya tairi, na kila gurudumu akalipaka samli na unga mwekundu. Miaka yote alipaka mgongo wa dramu, na dramu imefungwa, samli haiingii. Mwaka ule mbio zilikuwa kesho yake. Gari likalala Kisutu. Nani angemwonya mama wa watu? Breki ilikuwa mambo ya gereji, sala mambo ya nyumbani. Akaiona sahani inang'aa kati ya vyuma vya gurudumu, nzuri, safi, akaona ndiyo pahali hasa pa kupaka.

Asubuhi Devendra alipita mjini taratibu, na dramu za nyuma zikatosha, hakuhisi kitu. Abbasi alikuwa kwenye kona ya chini, Pugu, na ndoo ya maji. Aliliona gari linateremka. Alingoja lipungue mwendo pale walipokuwa wakilipunguza siku zote. Halikupungua. Likapita mbele yake, likaenda kujipiga kwenye mkorosho. Alipofika, kijana alikuwa bado ana pumzi. Alimshika mkono mpaka ikaisha.

Baadaye watu walipombeba, Abbasi alichutama penye gurudumu. Akanusa. Ilikuwa samli, imekaangika. Akavifungua vibanio, vile vitambaa vya ndani vinavyoishika sahani vilikuwa vimelowa, na wekundu umeingia mpaka ndani. Akavitia mfukoni kabla mtu hajaviona.

Siku ya tatu alikwenda Kisutu kutoa pole. Bwana Ramniklal alikuwa amekaa chini, hakuinua macho.

"Abbasi. Breki ilikataa?"

Kabla hajajibu, Champaben akatoka ndani, nywele hazijachanwa. "Abbasi, mimi napaka samli sahani yote, kwa mkono yangu. Mbele, mbili zote. Kwa nini Bhagwan haoni?"

Mfukoni vitambaa vilikuwa bado vimo. Angevitoa tu, asingehitaji hata kusema. Aliitazama ile mikono ya mama.

"Mungu aliona, mama. Kosa ni langu. Chuma nilikikereza chembamba, kikapinda."

Bwana Ramniklal akanyoosha kidole mlangoni.

Nyumbani alimwambia mkewe, Mboni, na mimi nipo napepeta mchele. Mboni akasema, "Umejizika mwenyewe, na sisi pamoja nawe. Rudi ukaseme."

"Nikaseme nini? Kwamba amemuua mwanawe kwa kumwombea?"

"Basi mwambie baba mtu peke yake."

"Wanalala chumba kimoja, Mboni." Kisha akasema lililokuwa likimla. "Na ile kinga ya bati niliikataa mimi."

Hakupata kazi ya breki tena mjini. Alitengeneza baiskeli Buguruni, chini ya kibanda cha makuti, na siku alipokufa waliomchukua hawakujaa hata kona ya barabara. Lakini mafundi wakapata msemo: kitu kikiharibika, hiyo ni breki ya Abbasi. Vijana ambao hata baba zao hawakumjua wanautumia mpaka leo, wanacheka.

Bwana Ramniklal amekufa. Champaben naye amekufa, huko Uingereza, nimeletewa habari mwaka huu. Hakuna tena wa kuumia. Na mama yule msimguse kwa neno baya, alipaka kwa mapenzi.

Ila wewe uliyesoma mpaka hapa, usilifunge daftari ukaenda kulala. Nenda gerejini, Ilala, Gerezani, popote. Ukimsikia mtu anasema breki ya Abbasi, msimamishe mbele ya wenzake, umwambie zilishika mara kumi mteremkoni Pugu, na umwambie zilipakwa nini. Akibisha, niletee jina lake.