Kikapu cha Ghorofa ya Saba

Mkaguzi wa lifti anayekaa kwenye jengo ambalo lifti yake haifanyi kazi. Ukisikia hivyo utacheka, na majirani zake walicheka sana kabla hawajaanza kumchukia. Walimbandika jina la Muhuri, na jina likakaa.

Maana ni yeye mwenyewe aliyeifunga hiyo lifti. Asubuhi moja akishuka kwenda kazini alisikia mlio ambao mimi na wewe tusingeusikia hata tungelipwa. Akapanda hadi chumba cha mashine juu ya paa, akakuta nyuzi za kamba ya chuma zimekatika na kuchomoza kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Siku hiyohiyo akabandika karatasi nyekundu yenye muhuri wa ofisi kwenye mlango wa lifti wa kila ghorofa: marufuku kutumia mpaka kamba zibadilishwe. Alidhani ni suala la wiki mbili. Sheria aliijua vizuri, mwenye nyumba ndiye aliyekuwa hamjui.

Mwenye nyumba alikuwa na macho makavu. Kila mpangaji aliyelalamika alimjibu, "Muulizeni jirani yenu wa ghorofa ya saba. Mimi sijafunga kitu." Ada ya lifti ikaendelea kudaiwa kila mwezi, na mwezi wa tano ikapanda. Lifti imekufa, ada yake inanenepa! Hebu niambie, mtu msomi, mwenye mshahara na tai shingoni, atapeleka wapi aibu kama hiyo? Alimeza tu.

Ungeuliza kwa nini asihame. Aende wapi? Kule kodi ilikokuwa nafuu kulikuwa na safari ya saa mbili na nusu kufika kazini, na huku karibu kila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi. Nyumba za ghorofa ya chini zote zilikuwa zimegeuzwa maduka. Na majengo yaliyobaki, Mungu amsaidie, alikuwa ameyakagua yote.

Lakini aliyeumia kuliko wapangaji wote ni mama yake, mama mtu mzima mwenye nyonga mbovu. Zamani, lifti ilipokuwa nzima, kila asubuhi alishuka na mkongojo wake mpaka getini, kwenye kibanda cha fundi cherehani, mjane mmoja mwenye mdomo mwepesi na kifua kibovu. Mama akipewa kigoda na wembe, kazi yake ilikuwa kufumua mishono ya nguo kuukuu. Walifumua nguo, wakafumua na siri za mtaa mzima, mpaka jua liwafukuze.

Lifti ilipofungwa, mama akasuka kamba ndefu kwa vipande vya vitambaa, akafunga kikapu, akawa anakishusha dirishani. Nguo za kufumuliwa zikapanda, zilizofumuliwa zikashuka. Umbea ulipita kwenye simu, huku wanatazamana, mmoja dirishani, mwingine getini. Mwanawe alipojitolea kumbeba mgongoni angalau mara moja kwa wiki, mama alikataa kata kata.

"Mimi si gunia," alimwambia. "Siku nikibebwa, iwe kwa jambo la maana."

Jambo la maana likaja mwezi wa tisa. Mwenye nyumba alitaka pale getini pawe maegesho ya magari, akampa fundi cherehani siku kumi aondoke. Fundi hakuwa na mbele wala nyuma. Akaamua kwenda kukaa kwa dada yake, mji mwingine kabisa, safari ya siku nzima. Gari la mizigo lingekuja Jumamosi saa sita mchana.

"Jumamosi utanibeba," mama alisema. "Nataka nimuage shoga yangu nikiwa nimemshika mkono."

"Saa tano nitakuwa hapa, mama."

Jumamosi hiyo asubuhi ofisi ikampigia simu. Kulikuwa na jengo jipya la vioo, lifti yake ilihitaji saini kabla wapangaji hawajaingia, kazi ya saa moja tu. Akaenda. Saa nne na nusu kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mlango: ukiweka mkono katikati, ulichelewa kidogo kurudi nyuma. Kidogo sana.

"Saini tu, bwana," msimamizi wa jengo alimwambia. "Jumatatu tutarekebisha."

Akatazama saa. Akamfikiria mama yake. Kalamu ilikuwa mkononi kabisa, na mimi ningesaini, sikufichi. Yeye mkono ulimkatalia. Wakaanza kurekebisha, wakajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu kama kanuni inavyotaka. Alitoka pale saa sita na robo, akakuta barabara imejaa foleni. Simu ya mama ilikuwa inatumika muda wote.

Alifika saa nane. Getini palikuwa peupe. Alipanda ngazi mbilimbili, akamkuta mama amekaa kwenye kiti mlangoni, amevaa gauni lake zuri, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Amekusubiri mpaka saa saba," mama alisema. "Dereva anapiga honi tu. Akajaribu kupanda, kifua kikamshinda ghorofa ya nne. Tumeagana kwa kupigiana kelele kwenye ngazi, kama watu wanaogombana."

"Nisamehe, mama."

"Hiyo lifti uliyokwenda kukagua, ni nzima?"

"Sasa ni nzima."

"Basi vizuri. Watu watapanda."

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angemtukana angepata nafuu. Akachuchumaa, akamwambia apande mgongoni, na mama, kwa kuwa viatu alishavaa, akakubali. Walishuka polepole. Getini palibaki alama nne za miguu ya meza ya cherehani na vipande vya nyuzi mchangani. Mama alikaa kwenye kizingiti kama dakika kumi, akiokota nyuzi mojamoja na kuzizungusha kidoleni.

Kupanda kulikuwa balaa. Kila ngazi nyonga ilimchoma, akawa anauma pindo la mtandio asipige kelele karibu na sikio la mwanawe. Walipumzika mara nne. Walipofika, wote wawili walikuwa wanalia, kila mmoja akijifanya ni jasho.

"Jumamosi ijayo nitakuwa nyumbani kutwa," alimwambia akimkalisha. "Nitakushusha asubuhi na mapema."

"Nishuke kwa nani, mwanangu?"

Mama akavua viatu, akampa avirudishe kwenye boksi lake juu ya kabati, pale ambapo yeye mama mkono wake haufiki.