Nusu Yangu ya Nenosiri

Nilianza kumwonea wivu kabla hata sijamjua vizuri, na kilichouanzisha kilikuwa kibuyu cha mursik.

Kiwanda chetu cha chai kiko upande wa Bomet, si mbali na Merigi. Kompyuta zake nilizitunza mimi tangu enzi za zile zenye migongo mikubwa. Seva ilipoletwa niliipokea mimi, nikaifungua kwenye boksi mimi, nikaitafutia chumba kisichofikiwa na vumbi la chai. Kilo za kila mkulima, kutoka kila kituo cha kununulia majani, huingia humo. Watu wa kiwandani wakiitaja walisema "ile mashine ya Madam", na Madam ndiye mimi. Nilipenda sana kusikia hivyo.

Kisha wakaja wakaguzi, wakasema seva iko wazi. Mtu angeweza kuchomeka flashi, akaiwasha mashine kwa hiyo flashi badala ya diski yake, akaingia kwenye kilo za watu bila kuulizwa lolote. Dawa ilikuwa kuifunga kule chini kabisa, katika programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Humo unazima uwezo wa kuwashwa kwa flashi, unaiamuru mashine ikatae mfumo isioutambua, halafu unaweka nenosiri ili mtu asije akabadilisha ulichopanga. Mambo hayo nilikuwa nimeshayasoma mwenyewe. Meneja akampeleka mafunzoni Nairobi kijana aliyeajiriwa juzijuzi, fundi mpya wa kompyuta, mzaliwa wa hapo hapo Merigi.

Aliporudi, shangazi zake wanaofanya kazi kantini walimngoja langoni na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yao yenye vumbi la mkaa, kama anavyopokewa mkimbiaji aliyeshinda mbio ng'ambo. Wakamnywesha mbele ya madereva na walinzi, watu wakapiga vigelegele. Kwa kozi fupi ya kompyuta! Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Nikazaliwa huku, nikasoma huku, na siku niliyorudi na cheti changu, nilichokisomea wikendi kwa kujinyima, nilipokewa na mvua pale stendi ya Sotik. Hakuna aliyenikosea, najua. Desturi ile ni ya kwao. Lakini nilisimama dirishani, nikaona maziwa yameshika kwenye sharubu zake, na roho ikaniuma kabisa.

Nilidhani meneja angemkabidhi nenosiri lote. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyonuna. Kumbe meneja alikuwa mtu wa taratibu za ghala. Ghala letu la chai iliyo tayari lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza ghala na mwingine kwa mkuu wa walinzi, na halifunguki mpaka wote wawili wasimame mlangoni.

"Hii nayo ni kama store," alisema. "Hakuna mtu mmoja ataingia pekee yake. Kila mtu aweke nusu yake."

Basi tukaweka. Kijana alianza, kwa sababu ndiye aliyetoka mafunzoni, na hilo nalo likanichoma. Niligeukia ukutani nikasikiliza vidole vyake vikigonga, vikigonga, havimalizi. Huko Nairobi walikuwa wamemfundisha kwamba nenosiri refu ndilo salama, naye akaandika kama anayeandika insha. Zamu yangu ilipofika aligeuka yeye. Hata hivyo niliinama juu ya kibodi, nikaifunika kwa mkono wa pili na kwa kifua changu, nisije nikaibiwa herufi hata moja. Kwenye kioo sikutazama kabisa. Mashine ikataka kuthibitishiwa, tukarudia vilevile, ikakubali.

Tangu siku hiyo, kila mara ilipobidi kuingia kwenye mipangilio ile, alikuja kunitafuta. Hapo ndipo nilipopata raha yangu. Alipanda ngazi, akapita kwenye vitanda vya kunyaushia majani, akanikuta mezani kwangu.

"Madam, kuja tufungue."

Nami nilikuwa na kikombe cha kumaliza. Nilikuwa na simu ya kupiga. Siku moja nilikuwa nimeenda kituo cha mbali kurekebisha mizani, mvua ikafunga barabara, akaningoja mchana kutwa na mashine imesimama kwenye kioo cheusi kinachodai nenosiri. Nilipofika, magoti yamejaa matope, alikuwa ameketi sakafuni karibu nayo. Hakulalamika. Nikaona upole huo ni wa mtu asiye na la kufanya, nikafurahi. Kozi anayo, mursik kanywa, lakini bila vidole vyangu yuko mlangoni.

Halafu nikajikata kidole na kisu cha kupogolea chai, kwenye kashamba kangu kadogo huko Sotik. Kesho yake akaniita. Nikainama kama kawaida, na kidole chenye plasta kikabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Nilijua nimekosea. Kabla sijafuta, plasta ikagusa kitufe cha kuingiza. Nikaanza kusema pole, turudie.

Mashine ikafunguka.

Nikamtazama mgongo, maana alikuwa bado ameelekea ukutani. Nikamwambia nimemaliza. Akafanya kazi yake, akaifunga. Nikamwambia aanze tena, aandike nusu yake. Alipomaliza nikainyanyua mikono yangu juu ya kibodi, sikugusa herufi yoyote, nikabonyeza kuingiza. Ikafunguka tena.

"Geuka," nilimwambia.

Aligeuka, akatazama kioo, akatazama mikono yangu. Hakushangaa. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua.

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza, Madam. Ulitoka kuongea na simu, nikajaribu yangu pekee yake nione kama itakataa. Ikaingia. Nafasi za password ni chache, na yangu ilikuwa refu. Ilijaza zote. Yako ilikuwa inaanguka tu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, meneja angeamua tuachane na hii maneno ya watu wawili, kijana kaa nayo. Na hii server ni yako. Hata wasee wa kantini wanajua."

Nilitamani awe mwizi. Nilitamani awe amefungua kwa siri na kucheka na shangazi zake, ili hasira yangu ipate mahali pa kukaa. Kumbe msimu mzima alikuwa akipanda ngazi kunitafuta na kunisubiri kwenye baridi ili mimi nibonyeze herufi zisizoenda popote. Upole ule nao nikauonea wivu. Mimi nisingeuweza.

"Tunabadilisha leo," nilisema. "Na mimi ndiye naanza."

Wakati wa chakula cha mchana nilitunga nusu yangu mpya, sentensi nzima ya Kigusii, nikihesabu herufi kwa vidole chini ya meza ya kantini. Ilitosha kujaza nafasi zote. Angebaki yeye sasa anagonga hewa.

Tuliporudi aligeukia ukutani, akaweka na mikono nyuma ya mgongo ili nisiwe na shaka. Nikaanza kuandika. Mara hii nilitazama kioo, nikaona vinyota vikiongezeka kimoja kimoja. Nilipofika katikati nikasimama. Nikiijaza, angekuwa anakuja kuniita huku mimi namhurumia, na sikutaka kumhurumia hata kidogo. Nilitaka anihitaji kwelikweli. Nikaacha nafasi.

Akaweka yake, fupi. Tukajaribu nusu yangu peke yake, ikakataliwa. Tukajaribu yake, ikakataliwa. Tukaunganisha, ikafunguka.

"Sasa iko sawa," alisema, na nilimwona amefurahi.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Bado hupanda zile ngazi, bado husimama kando ya meza yangu. "Madam, kuja tufungue." Nami siku hizi simcheleweshi; naacha chai ikiwa moto naondoka naye. Nilipata nilichotaka. Sasa ananingoja kwa kuwa hana njia nyingine, kama vile mtunza ghala anavyomngoja mkuu wa walinzi. Lakini kulikuwa na mama mmoja ambaye alingojwa mchana kutwa siku ya mvua na mtu aliyeweza kuifungua mashine bila yeye. Huyo mama ndiye ninayemwonea wivu sasa, na yeye mwenyewe siku ile aliingia na matope yake bila hata kusema asante.