Mshambulizi aliyefunga mabao 94 kwa jina la ndugu yake

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Umande ungali kwenye nyasi, na mwanamume wa miraba minne anasukuma kigari cha chokaa katika uwanja wa shule moja ya kibinafsi mtaani Spring Valley, Nairobi. Anachechemea kidogo, lakini mstari anaouacha nyuma umenyooka kama uzi.

Anafika langoni, anahesabu hatua kumi na mbili, anainama na kuweka alama ya penalti.

"Hapa ndio ilikuwa ofisi yangu," anasema, akijipangusa chokaa kwenye suruali.

Mlinzi anapita na kikombe cha chai. "Musili! Leo umechora hadi nasikia kucheza!"

Anampungia mkono, kisha anateremsha sauti. "Hiyo jina sio yangu. Huyo bado sijamwambia."

Mashabiki wa Waiyaki Rovers wanamkumbuka kama Benedict Musili, mshambulizi aliyefunga mabao 94 katika misimu kumi na mmoja. Jina lake halisi ni Norman Kaloki Mwangangi. Musili ni mdogo wake, mwashi kule Mwala, Kaunti ya Machakos, na kwa ushahidi wa kijiji kizima hajawahi kupiga danadana tatu bila mpira kumtoroka.

Mambo yalianza mwaka wa 2004. Wasaka vipaji walifika Mwala wakitafuta vijana wasiozidi miaka kumi na saba. Kaloki alikuwa na ishirini na mmoja. Alifungua sanduku la mama yake, akatoa cheti cha kuzaliwa cha Musili, aliyekuwa na kumi na sita, akanyoa ndevu na kwenda uwanjani. Siku hiyo alifunga matatu.

"Nilidhani ni ya wiki moja," anasema. "Nikichukuliwa, nitarudisha."

Hakurudisha. Alichukulia hata kitambulisho kwa jina hilo. Musili halisi alipofikisha miaka kumi na minane, ikabidi achukue chake kwa vyeti vya Kaloki. Hivyo mdogo akawa mkubwa, mkubwa akawa mdogo, na nyumbani jambo hilo likafanywa mzaha wa Krismasi.

Klabuni, nahodha wake, Mbugua, alimwita "dogo" na kumtuma soda dukani. Kaloki alikuwa amemzidi kwa miaka miwili. "Nilikuwa naenda mbio," anasema. "Ningefanya nini? Dogo ni dogo."

Goti lake la kulia lilipokataa kazi mwaka wa 2016, daktari aliangalia picha, akaangalia tarehe ya kuzaliwa, akaangalia picha tena. "Akaniambia, 'Kijana, hili goti limekutangulia kuzaliwa.' Nilicheka nikatoka nje haraka."

Mshahara wake wa juu kabisa ulikuwa Sh28,000 kwa mwezi. Leo shule inamlipa Sh19,500 kukata nyasi na kuchora mistari. Anakaa Kangemi na Teresia Waceke, msusi mwenye kibanda karibu na Mountain View, na binti yao Debra, mwenye miaka minane.

Siri hii ingezikwa naye kama Waceke hangetaka harusi ya kanisa.

Mwezi Machi walipeleka majina kwa katekista wa parokia yao, mzee Kinyanjui. Naye, kama ilivyo kawaida ya Wakatoliki, akaandikia parokia ya Mwala alikobatizwa bwana harusi, aletewe barua ya ubatizo kabla ya kutangaza ndoa. Jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui ni kwamba kitabu cha ubatizo hakisahau. Ukifunga ndoa kanisani, inaandikwa pembeni mwa jina lako, mahali ulipobatiziwa.

Alhamisi ya jibu, ofisi ya katekista ilijaa. Waceke alikuja na mama yake, Waithera, na kamati ya harusi ya watu kumi na mmoja. Wengine walisimama mlangoni, kwa sababu habari za harusi hazitaki kuhadithiwa.

Kinyanjui alivaa miwani, akasoma kimya, akavua miwani.

"Musili," akauliza, "Nzula ni nani?"

"Ni shemeji yangu, mwalimu."

"Hapa wanasema ni bibi yako. Ndoa takatifu, Agosti 2013."

Waithera akapiga makofi mara moja tu, mikono ikabaki imeshikana.

"Si nilisema? Si nilisema huyu mtu ana bibi Ukambani? Mkasema mimi ni mama mkwe mbaya!"

"Baba Debra," Waceke akasema polepole. "Ongea."

Kaloki anasema hajawahi kuona lango dogo namna hiyo. Akinyamaza, ni mwanamume mwenye wake wawili. Akiongea, ni mdanganyifu kwa miaka ishirini na mmoja.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "huyo bibi ni wa Musili. Lakini mimi si Musili."

Mjumbe mmoja wa kamati aliketi chini sakafuni. Kinyanjui, akidhani presha imempanda, aliagiza maji. Kaloki akatoa simu, akampigia ndugu yake na kuweka sauti wote wasikie.

"Waambie hawa watu jina lako."

Kwa upande wa pili kulisikika nyundo, kisha kicheko. "Umelewa asubuhi? Jina langu si ulienda nayo Nairobi?"

Waceke alitoka bila kuchukua mkoba. Kwa majuma mawili alikaa na Debra kwa mama yake, simu imezimwa. Hadi leo, akisimulia, anajishika kifua.

"Wueh! Miaka tisa!" anasema, vidole vikiendelea kusuka kichwa cha mteja. "Naita mtu jina usiku na mchana, kumbe naita mwashi wa Mwala! Nilikuwa nikiangalia hiyo sura nauliza, wewe ni nani?"

"Ungemwacha," mteja anamwambia.

"Ningemwacha nani sasa? Hata wa kumwacha sikuwa namjua."

Aliyemrudisha ni Nzula mwenyewe. Alipanda basi kutoka Mwala akiwa na picha ya harusi yake, akaiweka mezani kwa Waithera, akamwonyesha bwana harusi mfupi, mwembamba. Waceke aliitazama, akacheka hadi akalia. Kisha akatoa sharti moja: "Musili ana bibi. Mimi naolewa na mwenye hana. Akalete Kaloki."

Hapo ndipo Kaloki alipoingia katikati ya jiji na ndugu yake, kwanza kwa wakili kula kiapo, kisha kwa ofisi ya usajili. Karani aliita, "Norman Kaloki!" Wote wawili wakasimama. Akaita, "Basi Benedict Musili!" Wakatazamana, wakabaki wamesimama.

"Karani alifunga faili," Kaloki anasema. "Akaenda kutafuta mkubwa wake."

Wameambiwa wasubiri, na kwamba kosa hilo linaweza kuwafikisha mahakamani. Wakili amemwonya pia kuwa mabao yake yanaweza kufutwa kwenye vitabu. Amekubali yote yaandikwe gazetini, asije mtu akamtisha nayo kesho.

"Wakifuta, wafute. Goti ninalo, hilo hawafuti. Lakini huyu mama nikimpoteza kwa sababu ya cheti cha mtoto, nitakuwa nilicheza bure."

Waithera hajatulia. Amedai barua mpya ya ubatizo aisome yeye kwanza, na ameisoma mara tatu. Pembeni mwa jina la Kaloki hakuna kitu.

Jumapili hii, katekista ataanza kulitangaza jina hilo kanisani, mara ya kwanza kati ya tatu, na kuwauliza waumini kama kuna mwenye pingamizi. Kaloki amepanga kukaa benchi la mbele, kati ya Waceke na Debra.

"Maisha yangu yote nilitaka watu wapige kelele nikitajwa," anasema, akikigeuza kigari kuelekea upande wa pili wa uwanja. "Jumapili nataka wasome Norman Kaloki, halafu kanisa lote linyamaze kabisa."