Jina la Cheptoo Chini ya Ukurasa

Miaka ile Nyakio alipokuwa mtoto, pareto ilipochanua karibu na Keringet, mashamba yaligeuka meupe hadi ukingoni mwa msitu, na ukungu ulipoteremka asubuhi hukuweza kujua maua yanaishia wapi. Mama yake alikuwa mchumaji. Watoto waliachwa kando ya nyumba ya kukaushia maua, mikononi mwa mama mmoja aliyeitwa Cheptoo, aliyewasimulia kwa Kiswahili cha shambani habari za ng'ombe wa madoadoa aliyewaongoza watu kupita ukungu wa msitu wa Mau. Joto la maua liliwatia usingizi. Nyakio hakuwahi kuusikia mwisho.

Alisoma misheni, kisha akaajiriwa Nakuru katika kiwanda cha chapa cha Bwana Mukesh, nilikokuwa msahihishaji. Alipanga herufi za madini ya risasi moja moja, kinyumenyume, hadi mistari ikawa ukurasa. Vidole vyake viliingia visandukuni mwa herufi bila macho kuvifuata, kama vya mtu aotaye.

Mwaka wa 1971 kililetwa kitabu cha mhadhiri mmoja wa Nairobi, kuhusu masimulizi ya kale ya Bonde la Ufa. Chini ya kila ukurasa palikuwa na tanbihi, kwa herufi ndogo sana, ikitaja nani alisimulia na wapi. Asubuhi moja, akipekua muswada kabla ya kuanza kupanga, mikono ya Nyakio ilisimama. Ng'ombe wa madoadoa alikuwa mbele yake, na chini kabisa: Cheptoo, Keringet.

Ila herufi ndogo tulizokuwa nazo zilitosha kurasa mbili tu, nasi tulizoea kuchapa nane kwa pamoja. Mhadhiri alikuwa amekubali kwa barua kwamba tanbihi ziondolewe, iandikwe tu "wazee walisimulia".

"Hapana, Bwana Mukesh," alisema Nyakio. "Huyu ana jina."

"Wewe! Hiyo maandishi ya sisimizi nani atasoma? Huyo mama mwenyewe anajua kusoma?"

"Hajui. Wajukuu wake wanajua. Tuchape mbili mbili. Tukimaliza mbili, nitarudisha herufi visandukuni mwenyewe, nipange tena."

"Mbili mbili! Kitabu kitaisha nywele yangu ikiwa imeisha."

"Basi si mbali, Bwana Mukesh."

Bwana Mukesh alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba Diwali, sikukuu yao Wahindi, ikifika kabla ya ukurasa wa mwisho, tanbihi zilizobaki zitatupwa, pamoja na ile ya Cheptoo, iliyokuwa karibu na mwisho.

Kwa miezi mitano Nyakio alipanga, akavunja, akarudisha, akapanga. Nikifumba macho leo bado naisikia ile milio midogo ya herufi zikianguka visandukuni, kama mvua ya manyunyu juu ya mabati. Wakati mwingine aliniambia kwamba anasikia harufu ya pareto kwenye wino, nami sikumbishia.

Ukurasa wa Cheptoo ulichapwa siku nne kabla ya Diwali. Niliusahihisha mara mbili. Haukuwa na kosa. Nyakio alilisoma simulizi hadi mwisho wake, akiwa amesimama.

Vitabu viliposhonwa, aliomba nakala moja badala ya posho ya sikukuu. Aliifunga kwa karatasi ya kaki, akaandika juu yake jina la Cheptoo, akapanda basi la kwenda Molo, njia ya Keringet.