Dirisha la Darasa la Nne

Mwalimu Tupokigwe hakuwa amelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni Tukuyu, na hata wanawake ninaokaa nao benchi moja kanisani huliongelea nikigeuza kichwa. Katika nyumba ya marehemu mume wangu hakuna mlevi, na Tupokigwe, mke wa mwanangu Nelson, hajawahi kuonja hata togwa iliyolala ikachacha. Ni kweli alitoka darasani kupitia dirishani. Ni kweli mkaguzi alikuwa ameketi nyuma akiandika. Sababu yake wengi wenu mnaijua, mnajifanya tu mmesahau.

Tupokigwe anafundisha darasa la nne katika shule ya msingi huku Kisondela. Miaka miwili iliyopita aliomba apewe saa moja kila Ijumaa awafundishe watoto maadili na mila zao, kwa kinywa, bila daftari. Madawati yalisukumwa ukutani, watoto sitini na mmoja wakakaa kwenye mikeka. Kwanza kila mmoja alimsalimia jirani yake kwa Kinyakyusa, "Ugonile," na Tupokigwe alizunguka akisikiliza nani anaitika kwa sauti ya chini. Huyo alifuatwa na mwalimu wakati wa mapumziko, akaulizwa kama amekula, kama nyumbani wamelala salama. Halafu Bibi Elina, jirani yetu, alikaa katikati yao akawaonyesha namna ya kumpokea mtu mzima mzigo, namna ya kuingia msibani, namna ya kukataa kitu bila kumvunjia mtu heshima.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Dainess. Mama yake huchuma chai, huondoka kabla hakujapambazuka. Tangu baba yake azikwe, mtoto yule alikuwa hasemi shuleni, na walimu walishamwandika kuwa ni mzito wa kuelewa. Ijumaa moja Bibi Elina alifunga vibaya mkungu wa ndizi kwa kamba ya mgomba, Dainess akamwambia, "Siyo hivyo, bibi, mkungu utadondoka." Lilikuwa neno lake la kwanza muhula ule. Ijumaa zilizofuata aliongea mpaka akawa anakatazwa.

Siku ya ukaguzi mvua ilinyesha tangu alfajiri, Bibi Elina akashindwa kupanda mlima. Mwalimu mkuu, Obed, ambaye si mtu wa huku, akamwona mzee mmoja akipita na mwavuli, akamwomba akazibe pengo. Mzee huyo ni Jotham, mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu mume wangu afariki, Jotham ndiye baba wa Nelson, kwa hiyo ndiye baba mkwe wa Tupokigwe. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake. Wengi wameacha. Sisi hatujaacha, na nilimwambia Tupokigwe hivyo kabla ya harusi, akakubali mbele ya mama yake.

Darasa lile lina mlango mmoja. Jotham alisimama hapo akikung'uta mwavuli, hajui ni darasa la nani. Tupokigwe akavuta kitenge kichwani, akapanda dawati, akatokea dirishani na kutua kwenye matope ya bustani ya mchicha. Watoto walicheka. Jotham alipotambua alichokifanya aligeuka akaondoka bila kuaga. Mkaguzi akabaki na watoto wale, akawauliza mwalimu wao amekimbia nini.

Aliyejibu ni Dainess. "Hajakimbia. Amemheshimu mkwe wake."

Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu ametelekeza darasa. Mwalimu mkuu akamtaka Tupokigwe aandike barua ya maelezo. Aliandika kwamba aliingia mtu ambaye kwa mila hapaswi kukaa naye. Ikarudi: taja jina. Akaandika tena kwamba ni ndugu wa baba wa mume wake. Ikarudi: ndugu yupi? Ya tatu hakuandika.

Nikaenda mwenyewe. Nimefundisha miaka thelathini na moja, ofisi ya mwalimu mkuu hainitishi. Nikamweleza Obed habari yote, nikaweka mezani barua niliyoiandika mimi, na jina la Jotham limo.

"Mama, hii ni yako," akasema. "Ninayemtaka ni mhusika."

"Mhusika haliandiki jina hilo."

"Basi anaficha."

"Mwalimu, ulimwachia saa nzima kila wiki awafundishe watoto mila. Ulidhani ni ngoma za kukaribishia wageni?"

Alisema hana ubaya na mila, ila faili halifungwi bila jina, na mpaka lifungwe kipindi kile hakiwezi kubaki mikononi mwa Tupokigwe. Kisha akaongeza, kwa adabu, siwezi kumsingizia, "Sharti hilo si ndiwe uliyemwekea, mama? Mwambie aandike mara moja tu."

Sasa Ijumaa amepewa mwalimu Wilson. Madawati yamerudi katikati. Anaandika ubaoni maana ya maadili, watoto wananakili, anasahihisha. Tupokigwe amebaki na hisabati. Dainess amenyamaza tena. Mama yake alinifuata shambani, akaniuliza mtoto wake amekosa nini. Hakuja kulaumu. Aliuliza tu.

Wapo wanaosema nimemkalia kooni mke wa mwanangu. Jumapili nilimwambia, tukiwa jikoni wawili, kwamba akitaka kuandika jina lile sitamzuia. Aliendelea kumenya ndizi.

"Mama," akasema, "wale watoto waliniona. Nikiandika, hiyo Ijumaa watakayonirudishia nitawafundisha nini?"

Barua haijaandikwa. Wanaouliza kama atahamishwa, au Nelson anasemaje, au mimi nilimwambia nini baada ya hapo, wasinisimamishe tena njiani. Hayo ni ya nyumbani kwangu, na siyasemi.